Nafasi Chini ya Jina

Kazi yangu ni kuchonga mawe ya makaburi, na sikuwahi kuliogopa jiwe hadi hili la mpwa wangu. Meli yake ilizamishwa vitani, maiti haikuonekana, basi wakubwa wa bandari wakatugawia kipande cha ukuta pale gatini tumwekee jiwe la kumbukumbu. Nilimchongea bure. Mtoto wa dada yangu, ningemtoza nani?

Siku ya kulifunua, dada hakulia. Alisoma jina la mwanawe, akashusha macho chini yake, akaganda hapo.

"Hii nafasi ni ya nani?"

"Si ya mtu, dada. Mawimbi yanarusha chumvi huku chini, maandishi yanalika. Mafundi wote tunaacha wazi."

"Vita havijaisha, na wewe unaacha nafasi."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Kitindamimba wake alikuwa amesimama nyuma yetu, kichwa kimenyolewa, sare mpya bado ina mikunjo. Naye alikuwa ameitwa vitani, na meli yake ilikuwa inang'oa nanga wiki ile ile. Dada hakuwa na mwana mwingine.

Kesho yake asubuhi dada akanijia karakanani. Alifuta vumbi kwenye benchi kwa kiganja, akakaa.

"Kaijaze ile nafasi."

"Nichonge nini? Nanga? Ua?"

"Jina langu."

Nikaitupa tindo. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii dada yake mkubwa: kwamba amerukwa na akili, kwamba jiwe halili watu, kwamba sijawahi kumchonga mtu anayepumua na sitaanza na aliyenibeba mgongoni. Alinisikiliza mpaka pumzi zikaniishia.

"Umemaliza? Haya. Kama ni upuuzi, unaogopa nini kuandika?"

Akawa amenibana. Nilikuwa naogopa, tena sana, ila mdomo wangu ulikuwa umeshajigamba.

Nilichonga mchana kweupe, nimepiga magoti kwenye majimaji. Jina la mwanawe lilinitoa jasho, maana jiwe lile ni gumu kweli. La dada mwenyewe liliingia kirahisi, kama nakata sabuni. Sikulipenda jambo hilo hata kidogo.

Siku ya safari kijana alipita pale ukutani kuaga. Alisoma jina la kaka yake, akasoma la chini, kicheko kikamkauka.

"Mama, hii nini?"

"Hakuna nafasi tena hapo. Nenda, mwanangu, urudi."

Alinitazama mimi, mjomba wake, nimweleze. Nikajitia kutazama meli. Honi ikalia, akaondoka akigeukageuka.

Watu walipunga mikono mpaka meli ikapotea machoni. Dada hakupunga. Alivua viatu, akavipanga vizuri, akashuka ngazi za gati na kuketi kwenye ya mwisho, maji yakimfika magotini. Nilimfuata, nikamwambia twende nyumbani, jamaa wanatusubiri, chai inapoa.

"Nenda wewe," akasema, kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi zake zote. "Mimi nimeshaandikwa badala yake."

Nilimshika mkono, nikamvuta. Hakuvutika.