Bwana Harusi Aje kwa Miguu

Nilimwambia Msaidié na sauti sikupunguza: bwana harusi atakayeletwa kwangu ndani ya gari lililofungwa vioo, kama mzigo wa magendo, hataingia mlango wangu. Atarudi alikotoka na gari lake hilohilo.

Msaidié ndiye baba wa Bourhane, kijana aliyemposa binti yangu Hayrat. Alikuwa amekaa barazani kwangu, mtaa wa Antanimasaja, kikombe cha chai mkononi. Hakutegemea kwamba mjane aliyerudi Mahajanga juzijuzi kutoka kisiwa cha Nosy Be angemfundisha mambo ya harusi. Ni mtu mpole, fundi wa kushona majoho anayeheshimika mjini, na hofu alikuwa ameivaa miaka mingi mpaka ikamkaa mwilini.

"Mama Hayrat," alisema kwa Kingazija, "hapa Mahajanga ndivyo tunavyofanya."

"Tangu lini?"

Jibu tulilijua wote wawili.

Kwetu sisi watu wa asili ya Ngazija, mwanamume ndiye anayehamia kwa mke. Nyumba ni ya mwanamke. Baba humjengea bintiye, na mume huja kuishi humo. Kwa hiyo siku ya kuingia nyumbani ina heshima yake. Bwana harusi huvaa joho, hushikiwa mwavuli, hutembea taratibu katikati ya barabara, na wanaume humzunguka wakiimba kasida na kupiga matari, ili mji mzima uone anakwenda wapi na kwa nani. Anayeingia nyumba ya watu mchana kweupe, watu wakimtazama, si mwizi. Maana yake yote ni hiyo.

Halafu zikaja zile fujo za mwishoni mwa mwaka sabini na sita. Sitazieleza. Waliokuwapo hawahitaji kuelezwa, na wasiokuwapo hawataamini. Nitasema tu kwamba nyumba hii, aliyonijengea marehemu baba yangu Saindou, mwashi wa bandarini, ilibaki kuta bila paa. Watu wetu kwa maelfu walipandishwa meli na ndege wakapelekwa Komoro, visiwa ambavyo wengi wao hawakuwahi kuviona, na huko nako wakapachikwa jina la shirika la ndege lililowaleta, wasije wakasahau kuwa ni wageni. Mimi na marehemu mume wangu Abdou tulikataa kupanda chochote. Wasakalava, wenyeji wa pwani hii na jirani zetu, walituficha, tukapata njia ya kwenda Nosy Be, na huko nikapika katika hoteli moja ya Ambondrona mpaka nikaota mvi jikoni.

Nosy Be tuliendelea kupita barabarani na maharusi wetu, matari yakilia. Mahajanga, wale waliobaki walianza kutumia gari. Mwanzo ilikuwa hofu, baadaye ikawa mazoea, mwishowe vijana wakadhani ndiyo mila yenyewe. Siwalaumu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini mimi sikurudi kuiezeka upya nyumba ya baba yangu ili nikae ndani yake kama niliyeiiba.

Na wakati wenyewe, sikatai, ulikuwa mbaya. Ujamaa ulikuwa umekwisha. Zamani tulisimama foleni moja, sisi na Wamalagasi na Wahindi, tukisubiri mchele na sabuni, na redio ya serikali ikituita sote ndugu. Ulikuwa undugu wa redioni, maana fujo zenyewe zilitokea chini ya bendera hiyohiyo. Ila angalau matusi yalinong'onwa. Sasa uhuru umekuja, mchele umejaa madukani na wa kuununua hayupo, redio zimekuwa nyingi, na kila mwenye kipaza sauti anatafuta wa kumlaumu. Mwaka ule wa tisini na tano ulikuwa wa kuchagua meya, na mgombea mmoja alikuwa akizunguka na gari la matangazo akisema kwamba Mahajanga ina wenyewe, na Ajojo wana visiwa vyao.

Ajojo ndio sisi. Mimi nimezaliwa mjini humu, na mama yangu kazaliwa humu, na kitovu changu kimezikwa humu. Mkataa kwao ni mtumwa, na mimi kwetu sijakukataa hata siku moja. Ila naambiwa nina visiwa.

"Mtu mmoja akitupa jiwe," alisema Msaidié pale barazani, "nani atawashika wengine? Kwa mwoga huenda kicheko, Mama Hayrat. Kwa shujaa huenda kilio."

"Basi nionyeshe hicho kicheko. Karibu miaka ishirini mnaoza watoto kwa kunong'ona. Nani kacheka?"

Aliweka kikombe chini, akaniaga kwa adabu, akaondoka bila ya kusema kama posa ingali ipo au imevunjika.

Hayrat alikuwa amesikia yote kutoka ndani. Ni mwalimu wa shule ya msingi, na ukali wangu hakuurithi. Alichukua upole wa baba yake. Alikuja akakaa mahali palepale alipokuwa amekaa Msaidié.

"Mama," alisema, "mimi nataka kuolewa na Bourhane. Sitaki kumshinda mtu."

Maneno hayo yalinikata maini. Nilijua anampenda; hata kuku wa uani walijua. Lakini nilimwambia kwamba mume anayeingizwa kwa kificho atakaa kwa kificho, na watoto wake watajifunza kuongea kwa sauti ya chini kabla hawajajifunza kutembea. Hakubishana. Alikwenda kulala na chakula hakugusa, na mimi nikabaki na msimamo wangu kama mtu aliyeshika kaa la moto.

Kulipokucha Bourhane mwenyewe akaja. Kijana huyu ni fundi wa injini za boti, mikono yake haitoki mafuta. Hakukaa.

"Nitakuja kwa miguu, Mama. Baba amekubali, ila gari litafuata nyuma yetu, kama kutatokea jambo."

"Mwambie likae mbali na joho," nikasema, "lisije likalikanyaga."

Akacheka, na nikampenda zaidi kuliko nilivyokuwa nimekusudia.

Sasa nimseme Zafisoa. Ili ufike kwangu ukitoka msikitini lazima upite kona moja, na kwenye kona hiyo anakaa Zafisoa pamoja na ukoo wake. Asili yao ni kule kusini-mashariki mwa kisiwa, walikotoka wengi wa waliotushambulia, na tangu zile fujo sisi hatukuweza kusikia lafudhi ya watu wa huko bila ya kugeuka nyuma. Yeye huuza mokary, vikate vya mchele na nazi. Mumewe hukokota posi, kile kigari cha abiria kinachovutwa kwa mikono. Asubuhi tulikuwa tukisalimiana, basi. Vikate vyake sikununua. Wiki nzima ya maandalizi alipita mbele ya mlango wangu, akasikia vinu vinatwanga na nazi zinakunwa, akanitazama, nami nikamtazama, kila mtu akashika lake.

Ijumaa ndoa ilifungwa msikitini baada ya sala ya alasiri, kaka yangu Mbaé akiwa walii, na msafara ukatoka. Mimi nilikuwa ndani na Hayrat. Kwa mila yetu mama wa bibi harusi hatoki nje mpaka mkwe avuke kizingiti. Akionekana barabarani watu watasema ana njaa ya mkwe. Nilikuwa nimekaa kwa heshima zangu, liwa usoni, nikisikiliza matari yakija. Yalikuwa yakilia vizuri. Majirani walitoka madirishani. Karibu miaka ishirini barabara ile haikusikia kasida mchana.

Kisha matari yakanyamaza. Hayakunyamaza kwa pamoja, kama wimbo unapokwisha. Moja, jingine, jingine, na mwisho sauti moja ya mzee asiyeona vizuri ikaendelea peke yake, nayo ikakatika.

"Mama," alisema Hayrat, "umeona?"

Ningependa angesema kwa hasira. Alisema taratibu, na machozi yalikuwa yameshaanza kuharibu wanja. Nilijitanda shiromani langu nikatoka miguu mitupu.

Pale konani posi zilikuwa zimepangwa kukata njia. Mbele yake walisimama watu wa Zafisoa, wanaume mikono kifuani, wanawake na sufuria na michi. Yeye alikuwa katikati. Upande wa pili ulikuwa msafara wetu, watu wazima wenye kanzu nyeupe wamekauka kama waliomwagiwa maji. Bourhane alisimama wima chini ya mwavuli wake. Baba yake alikuwa amemshika mkono wa joho, anamvuta kuelekea kwenye gari. Na juu ya ukuta walikaa wale vijana wa kijiweni wanaofuata gari la mgombea, wanatabasamu, wanasubiri kuanza.

Nikapita kati ya wanaume, nikasimama uso kwa uso na Zafisoa.

"Unataka nini?" nilimwuliza kwa Kisakalava, lugha ambayo pale tunaijua sote.

"Nani kawapa ruhusa?"

"Barabara ni ya serikali."

"Sisemi habari ya barabara. Nasema habari ya binti." Alikuwa na hasira kweli. "Wiki nzima nasikia vinu kwako. Mpaka nikaambiwe na watu wa sokoni kwamba Hayrat anaolewa, Hayrat anayewafundisha wanangu kusoma. Leo nawaona wanaume wanakuja kumchukua, wanaimba, na hakuna aliyesimama mlangoni kwangu kuomba. Kwetu binti wa mtaa hachukuliwi hivihivi. Njia hufungwa. Mkubwa wao husema yeye ni nani na katoka wapi, kisha huomba. Akiomba vizuri, hupita. Asipoomba, hurudi."

Nikapunguza sauti.

"Lakini hawaji kumchukua," nilisema. "Kwetu mume ndiye anayekuja kukaa. Haondoki mtu."

Zafisoa akamgeukia mumewe. Wakanong'onezana, na wazee wao wawili wakaingiza vichwa, ikawa baraza pale pale kati ya posi. Kisha akanirudia.

"Basi ndiyo kabisa aombe," alisema. "Mwenye kuchukua tungemwona leo tu. Mwenye kukaa tutamwona kila siku."

Nikamgeukia Msaidié. "Baba Bourhane, wanataka useme wewe ni nani."

Hakuna jambo ambalo mtu yule alilikimbia kama hilo. Tangu zile fujo, sokoni alinyoosha kidole badala ya kusema. Ofisini alitaja jina lake haraka, nusu alimeza. Alinitazama kama nimemwambia avue nguo hadharani. Kisha akauachia mkono wa joho, akasogea mbele.

"Mimi ni Msaidié," alianza kwa Kimalagasi, na mtu wa nyuma akasema hasikii. Akaanza upya. "Mimi ni Msaidié, fundi joho. Baba yangu alikuja kutoka Ngazija akiwa kijana, akabeba mizigo ya bandari hii mpaka akafa. Mama yangu ni mtu wa Boanamary hapa jirani, na mama yake vilevile. Makaburi yao yako huko, nayapalilia kwa mikono yangu. Mke wangu kazikwa hapa. Kaka yangu..." Akainua uso. "Kaka yangu naye kazikwa hapa. Mwaka aliouawa mnaujua."

Juu ya ukuta mmoja wa wale vijana akapaza sauti, "Rudini kwenu."

Zafisoa hakugeuza hata shingo. "Mkubwa akisema hakatizwi," alisema. "Hilo hata wewe ulifundishwa."

Kijana akatema mate, akaruka chini, akaenda zake na wenzake kadhaa. Sidai kwamba aligeuka mtu mwema. Jumamosi yake gari la mgombea lilipita tena na yeye alikuwa juu yake.

Msaidié alimtazama anavyoondoka, kisha akaendelea, na sasa sauti yake ilifika mpaka kwenye bati la nyumba yangu, maana Hayrat anasema aliisikia neno kwa neno. "Naambiwa nirudi kwetu. Kwetu ndiko hapa, sina kwingine pa kurudi. Huyu ni mwanangu Bourhane. Ana mikono mizuri na hana maneno mengi. Namleta mtaani kwenu, awe mtoto wenu. Naomba njia."

Mume wa Zafisoa akakohoa kama wanavyokohoa watu wa kwao kabla ya kusema jambo zito.

"Tumesikia," alisema. "Tulidhani mnakuja kutupunguza, kumbe mnatuongeza. Piteni."

Akaishika posi yake mwenyewe, akaivuta pembeni.

Nililia. Na si furaha tu iliyoniliza. Nilimlilia baba yangu na paa lake, na kaka yake Msaidié ambaye sikuwahi kumjua, na nililia kwa fahari, maana mtu wetu alikuwa amesimama katikati ya barabara ya Mahajanga jua likiwaka, akataja jina lake lote, na watu wakamsikiliza mpaka mwisho. Msaidié mwenyewe alikuwa akijifuta uso kwa ncha ya kanzu, na aliponiona namtazama hakujificha.

Matari yakaanza tena. Zafisoa akaingia msafarani na mchi wake begani, akiimba asichokijua. Mila ilinitaka nikimbilie ndani kabla mkwe wangu hajanipita. Sikukimbia. Nilitangulia mbele yao wote, miguu mitupu, taratibu, ili kila mwenye macho aone ninakaa wapi.