Mstari Ambao Baba Hakuusoma

Baba yangu, Mzee Anverali, alikuwa akisuluhisha ndoa za watu kwa mashairi ya Kiajemi. Usicheke. Kwetu Makhoja wa Tanga, Kiajemi ni lugha ya mimbarini, ya hekima. Hata asiyejua neno lake moja anatikisa kichwa. Mke akigombana na mumewe, analetwa kwa Baba, Crescent Town, huku ughaibuni tulikohamia, ghorofa ya juu kabisa. Baba anammiminia chai. Kisha anafumba macho, anasoma mstari mmoja kwa ile sauti yake tamu, anautafsiri: aliyeonewa avumilie, uvumilivu wake utamtakasa. Halafu anachukua ufunguo wa gari, anamrudisha mwanamke kwa mumewe. Msikitini wakamsifu, eti hakuna ndoa iliyovunjikia mikononi mwake.

Na mimi alinisomea. Mwaka 2006, baridi imekaza, nilikuja na begi moja na mdomo umepasuka. Mume wangu Kamil alikuwa kanipiga, kisa chumvi imezidi kwenye mchuzi. Baba akanimiminia chai, akasoma, akanirudisha. Theluji haijayeyuka bado, Kamil akanizaba kibao, sikio la kushoto likaziba mpaka leo. Baadaye akaniacha mwenyewe, akaoa mwingine. Uvumilivu! Niondoleeni neno hilo hapa.

Nikapata kazi kwenye duka la mikate la Mahin, mama mmoja wa Kiirani, kule barabara ya Yonge. Siku moja tunakanda unga, nikamsomea ule mstari wa Baba, namwigiza na sauti yake kabisa. Mahin akaacha kukanda.

"Malizia," akaniambia.

"Umeisha."

"Umeisha wapi? Hiyo ni nusu tu."

Akausoma mstari wa pili polepole, akanieleza. Huo ulimgeukia mshauri mwenyewe: anayemwambia aliyeonewa avumilie, ilhali ana uwezo wa kumzuia mwonevu, basi naye ni mwonevu.

Wallahi nilimhurumia Baba. Nikajiambia, maskini, alifundishwa nusu utotoni, angejuaje? Nikaukariri ule wa pili kila siku mbele ya tanuri, na hasira yangu ikaanza kupoa. Nilijua nikimsomea atalia, ataniomba radhi, na mimi nitamsamehe. Nilitamani sana kumsamehe.

Jumapili moja mdogo wangu Sughra akanipigia simu. Yuko kwa Baba, nije upesi. Nilimkuta kwenye kochi, koti hajalivua, mkono kaufunga kwa mtandio kama mtoto aliyeanguka. Hakuhitaji kunieleza, mumewe namjua. Chai mbele yake ilikuwa imeshapoa, na Baba alikuwa ameshafumba macho.

Akasoma. Alipofungua kinywa atafsiri, nikamkatiza.

"Baba, ngoja. Kuna wa pili."

Nikausoma kwa Kiajemi changu cha kuungaunga, kisha kwa Kiswahili ili Sughra asikie.

Baba akafumbua macho. Hakushtuka hata kidogo.

"Umekosea kutamka mwishoni," akasema. Akausoma upya, wote, kwa ile sauti yake tamu.

Nikamuuliza, "Ulikuwa unaujua?"

"Babu yenu alinifundisha yote miwili."

"Sasa mbona hukutusomea?"

"Ningewasomea, nani angekubali kurudi kwake?" Alisema hivyo bila kupandisha sauti. "Mngekaa humu na mimi, wasichana wawili mmeachika? Mimi ningewatazama watu usoni vipi?"

Nikalia. Si kwa huzuni, kwa ghadhabu. Kumbe nilikuwa nikimtafutia udhuru mtu ambaye hakuuhitaji.

Baba akachukua ufunguo wa gari, akaenda mlangoni kwa mazoea. "Twende, mwanangu," akamwambia Sughra.

Sughra akainuka. Akamtazama yeye, akanitazama mimi. Akaja akasimama kushotoni kwangu, akaninong'oneza kitu, nisisikie. Ikabidi azunguke upande wa pili arudie.

"Dada, nipeleke kwako."

Nikamshika mkono ule mzima, tukampita Baba mlangoni.

"Kuratulaini," Baba akaniita, "sikio lako lina nini?"

Miaka yote hiyo hakuwa ameona.

"Muulize aliyenirudisha kwa Kamil," nikamjibu, nikabonyeza kitufe cha lifti.