Video Inayoanza na Giza

Ottilia alikuwa na hakika ya mambo mawili: video ya baba mkwe wake ilikuwepo, na shemeji yake Kilian alikuwa ameifuta.

Likizo ya Juni ya mwaka 2013 aliitumia kupanga picha za nyumbani. Mwalimu mwenye stashahada hashindwi na kompyuta, alijisemea. Picha zilikuwa zimetapakaa: nyingine kwenye simu yake, nyingine kwenye memori kadi ya marehemu mumewe Frederick, nyingine kwenye laptop, na zile za kipaimara zimejirudia mara tatu. Akazikusanya zote, akafungua mafolda kwa mwaka na kwa tukio, akafuta zilizojirudia, akafuta na takataka. Kisha akanakili kila kitu kwenye diski ya nje, na mara ya pili kwenye flashi aliyoipeleka mwenyewe Lituhi kwa dada yake Edina. Nyumba ya Litembo ikiungua, alimwambia Edina, ya ziwani itabaki. Memori kadi, ikiwa tupu, alimpa mama mkwe wake, Bibi Notburga, ambaye aliipeleka Mbinga mjini ijazwe nyimbo za kwaya.

Ndipo likaja neno la sengu. Mzee Ignatio alikuwa amefariki Mei, na Jumapili ukoo ungekusanyika kugawa mashamba yake. Sengu ni sengu: kila mke analeta ugali wake, wanaume wanakula pamoja, na mambo makubwa hayasemwi mpaka watu wanawe.

Miaka mitatu nyuma, kwenye sengu kama hiyo, Mzee alitamka kwamba shamba la kahawa la chini ni la Frederick na nyumba yake. Frederick akarekodi kwa simu, akaihamishia kwenye laptop. Mwaka uliofuata Frederick akafa, na maneno yakaanza kupita chini chini kwamba mjane aliyetoka ziwani angerudi tu kwenye dagaa wake wa usipa. Ottilia hakujali. Alikuwa na video.

Alipofungua folda ya Mzee Ignatio, aliona Mzee na mbuzi, Mzee na koti la Krismasi, Mzee amekunja uso kwenye arusi. Video hakuna. Akachomeka diski ya nje. Hakuna. Lituhi hakuwa na haja ya kwenda, maana flashi ilitoka kwenye laptop ile ile. Alikuwa amenakili upungufu mara mbili, kwa uangalifu mkubwa.

Nani mwingine aliyeishika ile laptop? Kilian. Aliiazima wakati wa msiba ili picha ya Mzee ikakuzwe kwa ajili ya misa. Picha moja, siku tisa. Na aliirudisha imepanguswa vumbi. Mtu anayepangusa kitu cha kuazima, Ottilia aliwaza, ana jambo.

Mengine nayo yakaanza kujipanga. Juzi alimwona Kilian akishuka shamba la chini akihesabu hatua. Beata, mke wa Kilian, alikuja kuomba ungo, akauliza kwa sauti ya mtu asiye na haraka kama kazi ya picha imekwisha. Ungo wenyewe akausahau. Ottilia alimwambia mama mkwe wake waziwazi kwamba Kilian ameifuta video. Bibi Notburga akaongeza sauti ya kwaya kwenye simu.

Ijumaa akapanda bodaboda hadi Mbinga, kwenye duka la Aidan, karibu na stendi, ambako watu hujaziwa nyimbo kwenye kadi na kukuziwa picha. Hakuzunguka. Aliuliza Kilian alileta nini hapa mwezi wa Mei.

Aidan alikumbuka vizuri. Alileta picha ya marehemu, na video. Video ilinakiliwa kwenye CD tatu. Halafu aliuliza kama inaweza kukatwa.

“Kukatwa wapi?”

“Mwanzo. Ni dakika kumi na tisa, mwalimu, lakini nne za kwanza ni giza tupu. Unasikia watu wanatafuna tu.”

Ottilia akakaa kwenye benchi.

Nani angethubutu kuinua simu mbele ya wazee wanaokula? Frederick aliiwasha akaitia mfuko wa shati, na hakuitoa mpaka Mzee aliponawa. Kwenye laptop video kama hiyo huonekana kama kisanduku cheusi. Na yeye, mwezi wa Juni, alifuta visanduku vyeusi arobaini na saba bila kufungua hata kimoja, akiamini watoto walichezea simu. Akamwaga na kapu la takataka la laptop, nyumba ibaki safi.

“Uliikata?” aliuliza.

Aidan alisema Kilian aliondoka akifikiri, wala hakurudi. Lakini kuna maduka mengine mjini. Njia nzima ya kurudi Litembo Ottilia aliligeuza hilo kichwani. Mjinga alikuwa amepatikana. Mwizi bado.

Jumapili wanawake waliketi upande wa jikoni, na Ottilia akachagua mahali ambapo ukuta haukumzuia kuona. Wanaume walipokwisha kunawa, Kilian alitoa deki ndogo yenye kioo chake, akaiunganisha na betri ya sola, akatia CD. Ottilia alishika saa yake ya mkononi. Picha ikianza moja kwa moja na uso wa Mzee, basi imekatwa, na mtu aliyekata mwanzo hashindwi kukata katikati.

Kioo kikawa cheusi. Watu wakasikika wakitafuna.

Mzee mmoja aliuliza kama mashine imekufa. Kilian akaomba wasubiri. Dakika ya kwanza, ya pili.

“Huyu Ignatio,” alisema Othmar, mdogo wa marehemu, “hata kaburini anashiba kwanza.”

Wakacheka. Dakika ya nne ilipokwisha giza likafunguka, na Mzee akaonekana, mikono bado ina maji.

“Shamba la chini, mpaka mtoni, ni la Frederick, mke wake na watoto wake, hata yeye asipokuwepo,” Mzee alisema. “Lakini njia ya kushuka mtoni isifungwe. Kilian ataosha kahawa yake pale.”

Beata alishusha pumzi kwa nguvu, na hapo Ottilia akaelewa zile hatua zilizohesabiwa. Shemeji alikuwa akipima njia.

Othmar alitaka kujua kwa nini giza lile halikukatwa. Kilian hakumtazama Ottilia.

“Ningekata giza, shemeji angesema nimekata na maneno.”

“Ningesema,” Ottilia akajibu kutoka jikoni.

Kisha akasimama, ingawa hakuna aliyemwita. Alisema kwamba alimwambia mama mkwe wake kuwa Kilian ameifuta video, na kwamba aliyeifuta ni yeye, kwa mkono wake, kwa kutofungua alichokuwa anatupa. Hakuongeza pambo.

“Mimi nilijua utaifuta,” Kilian alisema. “Ndiyo maana niliinakili mapema.”

“Ulidhani nitaifuta kwa makusudi?”

“Kwa makusudi, ili njia yangu ipotee. Hapo tu ndipo nilipokosea.”

Akamnyooshea zile CD tatu. Ottilia alichukua moja.

“Hizo nyingine kaa nazo wewe. Anayenishuku hataipoteza.”

Nyumbani, kabla ya kuinakili, aliitazama upya kutoka giza hadi mwisho, saa mkononi. Zilikuwa dakika kumi na tisa. Akaiweka kwenye laptop, akaiweka kwenye diski, akatenga flashi ya kupeleka Lituhi, na kila mahali akaipa jina lile lile: Mzee Ignatio, shamba na njia, USIFUTE.