Mgongo wa Oboth

Msiniulize tena habari ya Oboth. Nikipita sokoni Busia, upande wa Uganda au upande wa Kenya, lazima mtu anishike mkono: "Mangeni, ulikuwepo siku ile Oboth alipiga gitaa amegeuka nyuma?" Nilikuwepo! Mimi ndiye niliyekuwa nafunga shoo ile! Jina langu ndilo lililokuwa kubwa kwenye bango, la Oboth lilikuwa kule chini, dogo, karibu na jina la aliyechapisha. Lakini hakuna hata mmoja anayeniuliza mimi niliimba nini.

Basi leo nasema yote, halafu mniache.

Mimi ni Marvin Mangeni wa Masaba. Bendi yangu inaitwa Chuma Moto, na sisi ndio tulioleta roki hapa mpakani, wakati watu bado wanadhani gitaa likinguruma vile limeharibika. Tumefukuzwa kwenye harusi. Tumezimiwa umeme na mwenye baa katikati ya wimbo. Nathan, mpiga ngoma wangu, alishawahi kurushiwa mhogo wa kuchoma, na akaula kwa sababu alikuwa na njaa. Tumehangaika hivyo mpaka watu wakazoea, wakapenda, wakaanza kulipa kiingilio. Halafu ndipo anatokea Isaac Oboth, kijana wa Kisoko, na gitaa la kuazima, anapewa kazi ya kufungua shoo zetu.

Kazi ya mfunguzi mnaijua. Anachangamsha watu kidogo wakati wengine bado wako getini na wengine wananunua karanga. Hampiti mwenye shoo. Hiyo ni adabu tu! Oboth hana adabu hiyo. Anapanda jukwaani mbio. Wimbo wa kwanza anafungua vifungo vya shati, wa pili shati limerushwa kwa watu, wa tatu anagaagaa chini, gitaa juu ya tumbo na miguu hewani. Wasichana wanapiga kelele mpaka sauti zinakauka. Akimaliza, watu wanatoka kwenda kunywa, na mimi napanda kuimbia viti.

Mara ya kwanza nikasema ni bahati yake. Mara ya pili Okedi, ambaye ndiye mwandaaji wa shoo hizi na ndiye emsii, akanivuta kando.

"Mangeni, ndugu yangu, mimi naogopa kusema, lakini nasema tu. Watu nakuja kwa Oboth. Hii shoo ya Tororo tunaangalia. Kama watu natoka tena, mimi nageuza. Wewe nafungua, Oboth nafunga."

"Mimi? Nimfungulie Oboth?"

"Banange, hii ni biashara."

Nilikuwa na wivu, ndiyo, sifichi. Nilikuwa nikisikia wimbo wake redioni nazima, hata kama redio si yangu. Mara moja nilizima redio ya kinyozi nikiwa nimenyolewa nusu, akanifukuza, nikatembea na nusu ile mpaka nyumbani.

Na kana kwamba kunichukulia watu hakutoshi, akamchukua na dada yangu. Ndiyo, Kate, mdogo wangu wa mwisho. Desemba alikuja kwetu Masaba na wazee wake kujitambulisha, amevaa suti, anaongea kwa sauti ya chini utadhani hajawahi kugaagaa popote. Kuanzia siku ile yeye ni mkwe. Na kwetu sisi Wasamia, na kwao Wapadhola ni vilevile, mkwe na mama mkwe wake hawaonani ana kwa ana. Hawashikani mkono, hawali meza moja, na wakikutana njiani mmoja anaingia shambani mwa watu mpaka mwenzake apite. Sasa mwanamume kuonekana kifua wazi, anatikisa kiuno mbele ya mama mkwe wake? Hiyo ni aibu ya kulipiwa mbuzi.

Mama mkwe wa Oboth ni nani? Ni mama yangu. Wazo lilinijia nikinyoa ndevu, nikacheka peke yangu mpaka nikajikata.

Mama yangu, Nasirumbi, alikuwa hajaja kwenye shoo yangu hata moja. Anasema muziki wangu unamuuma meno. Siku ile nilimkuta uani anaanika mtama, nikachuchumaa karibu naye.

"Mama, Jumamosi tunapiga Tororo, chini ya mwamba. Mchana, si usiku. Njoo unisikie."

Akaacha mtama. "Unataka mimi nije?"

"Nataka. Nataka ukae mbele kabisa."

"Na utaimba kitu ambacho mimi naweza kuelewa?"

Nina wimbo mmoja nilioutunga kwa Kisamia, wa marehemu baba, jinsi alivyokuwa akirudi kutoka ziwani akiimba ili mama aweke maji jikoni. Sijawahi kumwimbia. Nilimwambia nitauimba huo. Akaingia ndani, akatoka na gomesi lake la kijani, lile gauni la Pasaka, ameliweka kifuani, ananiuliza kama linafaa kwa roki. Nikasema linafaa sana. Jina la Oboth sikulitaja.

Jumamosi nilimleta Mama mwenyewe katika gari la Nathan. Nikamtafutia kiti cha plastiki, nikakifuta kwa shati langu, nikakiweka mbele, katikati, hatua chache kutoka jukwaani. Uwanja ulijaa mpaka vijana wakakaa juu ya ukuta. Mama alikuwa anashikashika mabega ya gomesi, anasalimia kila anayepita, anasema, "Huyu anayeimba leo ni mwanangu." Alisema hivyo kwa watu kama kumi. Mimi nikaenda kusimama kando ya jukwaa, mikono kifuani, nasubiri kumwona Oboth akikimbia.

Okedi akashika kipaza sauti. "Tororo! Busia! Malaba! Sasa nakuja kijana yenu, Isaaac Obooooth!"

Oboth akapanda mbio kama kawaida yake, vifungo viwili tayari viko wazi, akaruka mpaka ukingoni mwa jukwaa, akafungua mikono. Macho yake yakashuka. Yakakutana na gomesi la kijani.

Haki ya Mungu, nilimwona akiishiwa na damu usoni. Mikono ikabaki hewani. Mama naye alishtuka, akavuta leso, akajifunika kichwa chote. Mpiga ngoma wa Oboth alikuwa ameshaanza, akaacha. Moyoni nilikuwa naimba: shuka, shuka, shuka, nenda Kisoko ukalime.

Kate akatokea nyuma yangu. Sijui alipita wapi. "Marvin! Umemleta Mama leo? Leo?"

"Si nimemleta anisikie mimi?"

"Mwongo mkubwa wewe!" Alinipiga ngumi ya bega, na ngumi za Kate mnazijua.

Nilipogeuza macho jukwaani, Oboth alikuwa anafunga vifungo. Pole pole, kimoja kimoja, mpaka cha shingoni. Akachomeka shati. Kisha akageuka. Akatupa mgongo, sisi sote, akavuta na kipaza sauti, akasimama mbele ya ngoma kama mtu aliye kanisani, akaanza kupiga.

Hakuruka. Hakugaagaa. Alipiga wimbo wa taratibu kwa Kidhopadhola, wa mvua inayomkuta bibi yake shambani Kisoko na hana pa kujificha, na sauti ilikuwa inatoka kule nyuma, huoni mdomo, unaona mabega tu yakipanda na kushuka. Mimi nilikuwa sijui kwamba anaweza kuimba vile. Hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Nilikuwa nimemzoea yule wa kutupa mashati.

Mama akasimama. Nikasema sasa anaondoka, kumekucha. Wapi! Alikigeuza kile kiti, akakaa tena, akampa mgongo naye. Wakawa hivyo, mkwe na mama mkwe, kisogo kwa kisogo, na heshima yote iko mahali pake.

Mwanamke mmoja muuza nyanya, wanamwita Alaso, ndiye aliyeelewa wa kwanza. "Yawa! Si huyo ni mama mkwe wake!" Akapiga vigelegele. Habari ikapita uwanja mzima kama moto kwenye nyasi kavu, maana nani pale hana mkwe? Wanawake wakapiga vigelegele, wazee wakavua kofia. Halafu vijana nao wakaanza kugeuka. Mmoja, wawili, kumi, wote! Umati mzima umelipa jukwaa mgongo, unacheza ukiangalia barabara, unacheka, unalia, na Oboth kule juu hajui lolote, anapiga tu akiangalia ngoma. Nathan, mpiga ngoma wangu mimi, nikamwona naye amegeuka.

"Nathan, na wewe?"

"Aka, Mangeni, ni tamu."

Alipiga nyimbo nne hivyo. Alipomaliza, shida ikaja. Jukwaa lile lilikuwa na ngazi moja, na ngazi iko mbele. Nyuma kumezibwa na bango na jenereta. Oboth hawezi kushuka bila kukutana na Mama. Akabaki amesimama vile vile, gitaa mkononi, mgongo kwetu, anangoja. Kelele zikaisha. Kila mtu akaelewa kwamba mkubwa ndiye wa kutoka kwanza.

Wanawake wakainuka. Alaso akatandaza leso, na wengine wakatandaza zao, wakamzunguka Mama kama pazia, wakaanza kumsindikiza kwa nyimbo kuelekea getini. Kate alikuwa mbele yao. Nikakimbia, nikapenya kati ya leso.

"Mama, unakwenda wapi? Mimi bado! Mimi ndiye nafuata!"

Akatoa jicho moja tu kwenye leso. "Mwanangu, nitakaaje na mkwe yuko pale juu anateseka?"

"Atashuka, ataondoka, utarudi."

"Watu wameshanitoa kwa heshima hivi, nirudi tena kama nani?" Akanishika shavu. "Imba tu. Imba vizuri."

Wakaondoka naye. Na wanawake karibu wote wakaondoka naye, maana huwezi kumwacha mama wa watu njiani. Wanaume wengi wakafuata wanawake. Oboth akashuka, akapita karibu yangu jasho linamtiririka, nikadhani atanitukana. Yeye akasema, "Shemeji, asante kwa kumweka karibu. Nilikuwa natamani siku moja asikie." Eti asante! Bora angenipiga.

Nikapanda. Mbele yangu kulikuwa na vijana kama thelathini wanaonyeshana simu zao, wanatazama mgongo wa Oboth. Na kile kiti cha plastiki kilikuwa pale pale katikati, kimegeuka vile vile alivyokiacha. Niliimba wimbo wa baba. Niliuimba wote, kwa Kisamia, nikiangalia mgongo wa kiti. Alipiga makofi Okedi peke yake, na yeye alikuwa ameshika karanga.

Asubuhi yake nikaenda kwa Mama. Nilimkuta anamenya mihogo jikoni, ananung'unika wimbo. Nikasimama mlangoni nisikilize. Ulikuwa ule wa mvua ya Kisoko. Maneno ya Kidhopadhola hayajui, alikuwa anayakosea, lakini sauti yake ilikuwa imeushika wote, mpaka pale pa kupanda. Mama yangu huyu, anayesema muziki unamuuma meno.

"Mama."

"Ee, karibu. Kaa. Uliimba?"

"Niliimba."

"Ule wa baba yako?"

"Ule."

Akaacha kisu. Nikaona macho yake yamejaa maji. "Nilikuwa nimejiandaa kwa huo, Marvin. Njia nzima nilikuwa najiambia, Nasirumbi, usilie mbele za watu." Akajifuta kwa mkono wa gauni. "Basi. Mkwe wangu ana heshima, sivyo? Wewe utaniita siku nyingine. Siku ambayo yeye hayupo."

Nikasema, "Ndiyo, Mama."

Simu ikalia mfukoni. Ilikuwa sauti ya Okedi, ameirekodi akicheka: shoo ijayo ni Busia, na inayofuata ni Malaba, na zote Oboth nafunga, Mangeni nafungua, kuanzia sasa hivyo, na nisikasirike. Nikamwangalia Mama. Alikuwa ameshachukua kisu tena na mhogo mwingine, na amerudi kwenye mvua ya Kisoko, anauimba pole pole tangu mwanzo.

Siku ambayo yeye hayupo. Nitaitoa wapi?