Chaki Kwenye Mlango wa Mama Aubin

Apolline alilowesha ncha ya kitenge kwa maji ya mwisho ya bido, dumu lao la plastiki, akaanza kumsugua usoni Nuhu, mtoto asiye wake. Kazi ilikuwa kumfanya Nuhu afanane na yatima aliyekimbia vita vya Masisi, na kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Mashavu yake yalikuwa ya mtoto wa muuza mandazi, kwa sababu ndivyo alivyokuwa.

Jioni ya jana Papa Ruffin, chefu wa nyumba kumi, alipita akipuliza filimbi: kesho kila mtu asimame mlangoni kwake, kuna hesabu. Hakusema hesabu ya nini, wala hakuna aliyeuliza. Huku pembeni mwa ziwa la Lac Vert, juu ya makoro, yale mawe meusi ya volkano yanayotafuna viatu, watu hawakuwahi kuhesabiwa ila kwa ajili ya chakula cha msaada. Kwa hiyo kila hesabu ilipofika, mtaa ulizaa. Vikongwe walipata mapacha. Wajane walipata waume wa asubuhi moja. Mtoto mwenye kikohozi kizuri aliazimwa nyumba tatu, na akifika ya tatu alikuwa anakohoa bila kuambiwa.

Kadidja wa mandazi alikuwa na wanane, na mtaa mzima ulijua kwamba ukishapita sita hakuna anayeamini. Basi wawili wa ziada, Nuhu na Asma, walihamia kwa jirani yake Apolline hadi saa sita. Apolline alikuwa na Aubin na Bénie tu, tangu mume wake abaki kule vilimani, chini ya udongo.

Alibaki Aubin kutengenezwa. Nyumba yenye mwanaume mzima ilipewa shitingi mpya, turubai la kuezekea, na unga wa kutosha, na Aubin alikuwa na miaka kumi na mitano, mrefu kama mlingoti wa antena, suruali ikiishia katikati ya miguu. Apolline alimvika koti la marehemu, akamfundisha kusema ana ishirini na miwili, kwa Kifaransa, ili isikike kama ya ofisini.

"Wakiuliza?"

"Vingt-deux ans," Aubin akajibu kwa sauti ya pipa. Bénie alicheka hadi akakaa chini. "Mama, unipatie heshima. Leo miye ndiye papa ya hii nyumba."

Waliofika hawakuwa na jile, vile vizibao vya watu wa misaada, wala tabasamu. Walikuwa na mabuti. Mmoja alishika chaki, mwingine bunduki, na Papa Ruffin aliwafuata nyuma, kofia mkononi, akiitazama kama vile ameiokota njiani.

"Mwanaume wa hapa?"

"Ni miye," alisema Aubin, na lile pipa lake.

"Miaka?"

"Vingt-deux ans."

Mwenye chaki alimpima mabega, yaani alipima koti. Akaandika 1 kwenye ubao wa mlango.

"Chefu, tuko batano," Apolline alimwambia yule mwenye chaki, akiwasukuma Nuhu na Asma mbele.

"Batoto ni ba weye, mama. Siye tunahesabu banaume."

Nuhu alikohoa hata hivyo. Alikuwa amefundishwa.

Siku mbili baadaye lori lilipita likisoma milango. Walisema ni mafunzo, kwamba vijana watarudi. Aubin alipandishwa na koti lake. Waume wa asubuhi moja nao walifuatwa walikolala, wakapandishwa, kila mmoja kwa chaki ya mke asiye wake. Mtu wa chikudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, aliyetoka kuuza makaa alisema aliliona lile lori likipita Kalengera, mbali sana na mtaa, bila kupunguza mwendo.

Apolline alimkuta Papa Ruffin uani kwake, akinyoa ndevu.

"Papa, ule ni mutoto. Iko na quinze ans."

"Mama Aubin, nilikuwa pale. Alisema vingt-deux, na weye ulinyamaza."

"Tulifikiri ni chakula."

"Nani alisema chakula?" Alisuuza wembe. "Uko na karatasi yake ya kuzaliwa?"

Karatasi iliungua Masisi pamoja na nyumba, kuku na cherehani. Papa Ruffin alijua, maana ndiye aliyewaandika walipofika mtaani.

"Sasa unataka niende kuwaambia kama muliwadanganya mbele yangu? Wataanza kuuliza nani mwingine alidanganya. Ni mutaa muzima, mama." Alisema kwa upole, kama mtu anayemshauri mgonjwa.

Apolline aliutazama mlango wa chefu. Mbao safi, rangi ya bluu. Ndani yake redio iliimba, na Télesphore, mtoto wa chefu, mwenye ishirini na miwili ya kweli, aliisindikiza kwa mluzi.

"Ju ya nini huu mulango wako hauna chaki, Papa?"

Papa Ruffin aliinua kidevu, akavuta ngozi ya shingo, akapitisha wembe.

"Chaki iliisha."

Mvua zilikuja. Kila ziliponyesha, Apolline alitoka na mfuko wa plastiki akaifunika ile 1.

Kisha filimbi ikalia tena, na safari hii ilikuwa jile kweli: binti mpole aliyeongozana na mwenzake, shati jeusi la mikono mirefu chini ya jile, chaki mfukoni. Aliukuta mtaa umekauka. Watoto walikuwa chini ya vitanda, viganja midomoni. Kadidja, mama wa wanane, alisema anaishi peke yake na mandazi yake. Aliyekaa nje ni Apolline tu, na Bénie mapajani.

"Muko wangapi, mama?"

"Tuko batatu."

"Naona wawili."

Apolline alionyesha mlango. Binti aliitazama ile 1, akamtazama Apolline, akainamisha macho kidogo.

"Mwenye haiko siwezi kumuhesabu. Unisamehe."

Akamwambia mwenzake kwa Kifaransa kwamba mtaa huu umepungua sana, watu wanarudi makwao, ni dalili nzuri. Unga ungefaa kupelekwa kwingine. Ubao wa mlango ulikuwa mwembamba, nafasi hakuna. Akavuta mkono wa shati hadi kwenye kiganja, akaifuta ile 1, akaandika 2, akaaga kwa adabu.

Apolline aliufuata ule mkono kwa macho, unga mweupe kwenye kitambaa, ukishuka kati ya makoro. Kwenye mlango uliofuata, kabla ya kubisha, binti aliukung'uta mkono wa shati.