Do Iko Wapi

Nilijua nimekwisha pale Mwanzia, mpiga fidla aliyenitangulia kusikilizwa, alipotoka ukumbini akijipangusa jasho. Alisema wanakuwekea karatasi ambayo hujawahi kuiona, kisha wanataka uipige papo hapo.

Ilikuwa mwaka wa 1973, katika ukumbi wa wafanyakazi wa reli, Voi. Okestra moja ya Nairobi ilitafuta mpiga fidla wa kuajiri, na mkuu wake, Bi Gertrude, alikuwa amekuja kutusikiliza sisi wa huku. Miaka sita nilikuwa nimefanya mazoezi ili nisiishie kukata mkonge Mwatate kama dada zangu.

Shida yangu ilikuwa ya aibu. Sikujua kusoma muziki wa mistari mitano. Sisi wa kwaya tulilelewa kwa do, re, mi. Mchungaji aliyetuachia fidla alikuwa ameandika d, r, m kwa penseli chini ya kila noti ya vitabu vyake, nami nilisoma penseli tu. Mistari yenyewe niliiona kama waya za simu.

Nilimkimbilia Mwalimu Obadiah, kiongozi wa kwaya yetu, aliyenifundisha tangu darasa la sita. Nilimwomba anionyeshe upesi namna ya kusoma bila penseli. Alinitazama, kisha akatazama viatu vyake.

"Wakesho, hata mimi nasoma penseli."

Huyu ndiye aliyeandikia Nairobi barua kwamba mistari anaijua na amenifundisha. Siku za mwizi ni arobaini, na zetu zilikuwa zimetimia. Nilitaka kumgombeza, umri wake na heshima yake nisivijali, lakini jina langu likaitwa.

Bi Gertrude aliniwekea karatasi. Ilikuwa safi, haina hata alama moja ya penseli. Upinde ulitetemeka mpaka ukagusa nyuzi bila mimi kutaka. Nilikuwa nimeupanga uongo kuhusu macho yangu, ila nilipofungua kinywa ukakataa kutoka.

"Mama, do iko wapi?"

Nilidhani atanifukuza. Badala yake akaweka kidole kwenye mstari wa pili kutoka chini. Nikahesabu kuanzia hapo, mstari, nafasi, mstari, kama mtu anayepanda ngazi gizani. Nilikosea mara mbili, lakini nilifika mwisho.

Akauliza nani alinifundisha. Nikamtaja Mwalimu, naye akaagiza aitwe. Akampa karatasi ileile, akamwomba kwa upole aimbe kile kipande cha mwanzo.

Hapo niliogopa kuliko nilivyojiogopea mwenyewe. Angeonekana mwongo, mimi ningeanguka pamoja naye, na kanisani habari zingemtangulia kufika. Mtu aliyenitia hofu utoto wangu wote alikuwa akinitazama mimi nimwokoe.

Nikanyoosha upinde, nikaonyesha.

"Mstari wa pili kutoka chini, Mwalimu."

Akaimba. Sauti ilikwaruza, lakini hakukosea hata mara moja. Bi Gertrude aliichukua ile barua ya Mwalimu iliyokuwa mezani, akaikunja, akaitia mkobani, akaniambia nifike Nairobi Jumatatu.

Nimepiga katika okestra ile miaka kumi na miwili. Nikiwekewa karatasi mpya, upinde bado hutetemeka, nami kwanza hutafuta do.