Muhtasari wa Ukoo

Feni ya wakili wa tatu ilizunguka bila kuleta upepo. Boke alikaa ukingoni mwa kiti, hati ya shamba la Nyangoto ikiwa magotini ndani ya mfuko wa sukari. Mokami, mke wake, alisimama ukutani kwa sababu kiti cha wageni kilikuwa kimoja.

"Shikamoo mama," alisema wakili Joram, akimtazama Boke.

"Marahaba."

Boke akaeleza tena, kama alivyowaeleza wale wawili wa kwanza. Alitaka shamba likabidhiwe kwa wadhamini, wawatunzie watoto mpaka wakue. Kifua chake kilikuwa kimeoza, hospitali walishamwambia. Hakutaka afe, shemeji yake Nyangwine alikute shamba halina mtu.

Joram aliandika taratibu, kwa mwandiko mzuri. "Watoto ni wajukuu zako?"

"Ni wangu."

"Umewazaa?"

"Amewazaa huyu. Mimi sikupata mtoto. Nilimtolea ng'ombe, nikamwoa awazae kwenye boma langu. Nyumba ntobhu. Wewe si Mkurya?"

"Mkurya, mama. Hata bibi yangu alioa hivyo." Kalamu ilikuwa imesimama. "Ila sheria haina neno la kuwaita nyinyi. Huyu si mke, wewe si mume. Watoto ni wake. Wewe kwao tukuandike nani? Jirani?"

Mokami alicheka kwa pua. "Jirani gani namchemshia maji ya kuoga?"

Joram hakukasirika. Alifungua hati, akaisoma mpaka chini. "Halafu hapa pana jina la marehemu mumeo. Huwezi kuwapa wadhamini kitu ambacho bado ni cha marehemu. Tuanze na mirathi. Mahakama itataka muhtasari wa kikao cha ukoo. Mwenyekiti wenu ni nani?"

Boke alitazama feni.

"Nyangwine," alisema.

Wakili alifunika kalamu yake.

Kesho yake Boke alikwenda mwenyewe, kwa miguu. Nyangwine alimtolea kigoda, akaagiza uji. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kikohozi kilipombana alingoja nacho pia kiishe, kwa utulivu, kama mtu anayesubiri gari ambalo anajua litapita.

"Sijakataa, shemeji. Kikao tutakaa," alisema. "Ngoja watu wavune. Nani anatukimbiza? Wewe pumzika."

Boke alimaliza uji. Alishukuru.

Aliporudi alimwita Mokami shambani. Alitembea kutoka mpakani akihesabu hatua, akasimama katikati, akachomeka fimbo.

"Mtanizika hapa," alisema. "Nani atanunua shamba lenye kaburi katikati?"

Mokami alitazama ng'ambo ya mpaka, kwenye makaburi ya jirani zao, akina Simioni. Wathamini wa mgodi unaonunua mashamba walikuwa wameyaandika namba kwa rangi nyekundu, moja mpaka tisa, baba na mama na watoto, yakisubiri kuhamishwa. Boke naye alikuwa akiyatazama.

Mokami akachukua jembe, akapima urefu wa mtu kwa mpini.

"Sogea kidogo, mama," alisema. "Hapo pana muhogo."